Somo la Mkono wa Kushoto

Detroit, 5 Machi 1951

Kaka Thaddeus,

Jana nilitiwa aibu mbele za watu, na kabla Isham wetu wa piano hajakuandikia kwa mbwembwe zake nataka uisikie kwangu.

Tulikuwa kwenye onyesho la Jumapili alasiri, klabu imejaa, wengine wametoka kanisani na kofia zao kichwani. Cleophus, mkubwa wetu, yuko katikati ya zamu yake ya kupiga peke yake, anapuliza vizuri mno, nami nikaona nimsaidie. Nikatia mkono wa kushoto kwenye ngoma ndogo, nikatia mguu, nikatia kila nilichokuwa nacho. Akaacha kupuliza. Akaitoa saksafoni mdomoni, akanigeukia, akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Binti, unaongea na nani? Nilidhani mimi ndiye ninayeongea." Watu wakacheka. Nami nikacheka, la sivyo ningelia.

Baadaye akaniita nyuma. Akasema, "Saa, mwendo wa wimbo, unaishika. Toazi lako linatembea sawasawa na la kaka yako. Lakini mkono wako wa kushoto hauna adabu." Akasema kiti chako ni chako, anakuwekea, na amenikalisha mimi kwa heshima yako. Ila nisipojua kusindikiza kufikia mwisho wa Juni, atamwita yule mpiga ngoma wa Toledo. Na wewe unamjua yule wa Toledo. Akikaa haondoki.

Basi nifundishe, Kaka. Najua umekatazwa kuinua mikono, lakini kuandika hukukatazwa.

Mama yuko jikoni. Vidole vyake siku hizi havifungi kwenye kalamu, kwa hiyo nimekuwa karani wake. Anasema niandike neno kwa neno: "Mwambie ameandika kurasa mbili juu ya madirisha ya hospitali na hajasema kama anakula. Mwambie alikuwa mvivu wa kazi, sasa asiwe mvivu hata wa kupona."

Mdogo wako,
Ardella

*

Hospitalini, 11 Machi 1951

Ardella,

Mwambie Mama ninakula. Mwambie mayai ya hapa yana ladha ya maji yaliyosahauliwa, lakini ninayameza, na nyama ya vifurushi vyenu haifiki jioni.

Nimeicheka barua yako mpaka Nesi Beasley akaja kunipima homa. Cleophus alinifanyia hivyo hivyo mwaka wa arobaini na tano, tena mbele ya msichana niliyetaka kumwoa. Usijali.

Sasa sikiliza. Umezoea kuona mapengo kwenye muziki kama matundu ya soksi, ukiliona moja unakimbilia sindano. Kusindikiza si kuziba. Mtazame Mama anapomsindikiza mke wa mchungaji hadi kituo cha tramu. Hamtangulii, hamvuti mkono, hamsimulii habari zake mwenyewe. Anasema tu "ehe", na "kumbe", na mara moja moja "wewe!" Na zile "ehe" zake ndizo zinazomfanya yule mama aeleze yote mpaka ya chumbani. Mkono wako wa kushoto ndio "ehe". Mguu wa kulia ndio "kumbe". Yule mwenye saksafoni ndiye mgeni.

Fanya hivi. Wiki ya kwanza, ukalie mkono wa kushoto. Sifanyi mzaha, uweke chini ya paja. Shika saa kwa toazi na mkono wa kulia, matoazi ya mguu wa kushoto yafunge kwenye pigo la pili na la nne, na uimbe wimbo kwa mdomo, mzunguko mzima. Ukipotea njia, rudi mwanzo. Wiki ya pili utoe mkono, uruhusu pigo moja tu kwa kila mzunguko. Moja. Utafute mahali linapostahili. Mguu kwenye ngoma kubwa usipige, uguse tu, asikie mpiga besi peke yake.

Na Jumapili kanisani usimwangalie mchungaji, mwangalie Sista Pruitt pale kwenye viti vya akina mama. Ona anavyongoja mchungaji avute pumzi ndipo atie "naam" yake. Hajawahi kumkanyaga hata siku moja. Yule mama angezaliwa mwanamume, sisi wote tungekuwa hatuna kazi.

Hapa sisi wa kifua kikuu wanatulaza kwenye baraza, hata baridi ikiwa kali, ati mapafu yanapenda. Jirani yangu wa kitanda ni mzee Hosea Crum, alikuwa mpishi wa garimoshi. Anakohoa kwa zamu na mimi. Tunaelewana.

Kaka yako,
Thaddeus

*

Detroit, 2 Aprili 1951

Kaka,

Wiki ya kwanza paja lilikufa ganzi. Wiki ya pili nilitumia siku nne kutafuta mahali pa pigo moja. Unajua ni aibu gani, kukaa na ngoma nzima ukingoja kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari? Kisha Alhamisi, baada ya kazi kwa dobi, mikono bado ina joto la pasi, nikaimba ule wimbo wa polepole, na mkono ukaanguka wenyewe mahali nilipokuwa navuta pumzi. Nikasimama. Mama akauliza kutoka jikoni, "Umeacha kwa nini? Ndiyo kwanza imekuwa ya kusikilizika."

Kanisani nilimwangalia Sista Pruitt. Alinikamata nikimkodolea macho, akaniuliza kama nguo yake imepasuka.

Cleophus bado hanisemeshi, lakini jana hakunigeukia. Isham anasema hiyo ni tuzo.

Mama ana mafua. Amekataa kulala, anasema kitanda ni cha wagonjwa. Anasema pia: "Mwambie Sista Pruitt amemwombea kwa jina mbele ya kanisa zima, kwa hiyo asitutie aibu."

Ardella

*

Hospitalini, 13 Aprili 1951

Ardella, na Mama pia,

Hii msomee Mama akiwa ameketi.

Dawa imefanya kazi upande wa kulia. Wa kushoto umekataa. Daktari anataka kunipasua mgongoni, atoe mbavu saba za kushoto kwa awamu mbili, ili pafu lilale na kidonda kipate kufunga. Anasema wengi huvuka. Nikikataa, anasema nina mwaka, labda na miezi.

Mzee Hosea amekataa. Anasema aliumbwa na mbavu zake zote na Mungu atazihesabu.

Mimi ni mtu mzima, karatasi naweza kuitia sahihi mwenyewe. Lakini Baba alipougua ni Mama aliyeamua, na niliona alivyoamua, na sikuwahi kuona mtu mwenye nguvu kama ile. Nataka neno lake. Akisema ndiyo, nitatia sahihi. Akisema hapana, nitarudi nyumbani. Mwulize, uniandikie alivyosema, usiongeze chako.

Thaddeus

*

Hospitalini, 21 Aprili 1951

Kwa Binti Ardella Mabry,

Nimepokea simu yako ya jana na nilikaa kitako nikiegemea ukuta kabla sijarudi wodini. Pole sana, mwanangu. Mafua kugeuka kichomi na kumchukua mama wa watu kwa siku tatu, hakuna aliyejiandaa kwa hilo.

Nimemweleza daktari. Anasema kaka yako asiambiwe kwa sasa. Homa yake imeshuka mara ya kwanza tangu Krismasi, na akivunjika moyo itapanda na nafasi ya upasuaji itapita. Akishavuka awamu zote mbili, mwambie wewe mwenyewe. Ninakubaliana na daktari, ingawa halinipi usingizi mzuri.

Anauliza kila siku kama barua ya mama imefika. Ninamwambia posta ina mambo mengi.

Nesi Ola Beasley

*

Detroit, 23 Aprili 1951

Mwanangu kipenzi Thaddeus,

Ni mimi mama yako, anaandika Ardella. Nimesikia habari ya mbavu. Nimeomba, nimepata utulivu. Kubali. Tia sahihi. Mungu aliyekupa pumzi ataitunza. Usiogope kitu, mwanangu kipenzi, tuko pamoja nawe.

Mama

Mimi Ardella naongeza tu kwamba kazi ni nyingi kwa dobi na ndiyo maana tumechelewa kuandika. Mazoezi yanaendelea.

*

Hospitalini, 30 Mei 1951

Mama,

Hii nimeipitisha kwa Sista Pruitt akusomee yeye. Ardella asiione. Mwandiko ni mbaya kwa sababu nalala chali na kalamu ya risasi.

Awamu zote mbili zimekwisha. Niko hai. Ulisema nikubali, nikakubali, na kila waliponiletea barakoa ya usingizi nilishika neno lako kama mtoto anavyoshika upindo wa nguo. Kidonda cha pafu kinafunga, wanasema. Majuzi makohozi yalitoka safi.

Lakini bega la kushoto limeshuka. Walikata nyama nyingi kuzifikia mbavu. Mkono unafika hapa kwenye kitovu, hauendi juu. Vidole viwili vimelala. Nilimwuliza daktari kama ni wa muda. Akaangalia viatu vyake.

Mama, ngoma kwangu zimekwisha. Naliandika mara moja hapa na sitaliandika tena.

Ardella asijue. Anajifunza kwa sababu anadhani ananiwekea kiti. Akijua hakuna wa kukirudia ataacha, namjua, ataona anamrithi mtu aliye hai. Mwache ajifunze. Akishakuwa mpigaji kweli kweli, hapo nitamwambia.

Niandikie kwa mkono wa Sista Pruitt. Nigombeze kidogo. Hapa kila mtu ni mpole kwangu mpaka nimeanza kuogopa.

Mzee Hosea alifariki tarehe kumi na tisa. Kitanda chake wamekipa mtu wa Flint ambaye haongei.

Mwanao,
Thaddeus

*

Detroit, 10 Juni 1951

Kaka,

Tumefurahi mno umevuka. Mama anasema, mwanangu kipenzi, asante kwa Mungu, pumzika, ule, usiwe na wasiwasi wa jambo lolote.

Nikuambie ya Jumapili. Cleophus alianza ule wimbo wa polepole. Nilichukua brashi badala ya vijiti. Sikuwa na neno la kusema, Kaka. Nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo mtu hawezi kujaza hata akitaka. Nikashika saa, nikamsikiliza. Alipuliza maneno machache, akanyamaza, nami nikanyamaza naye. Akapuliza tena, na mwishoni mwa sentensi mkono wangu ukasema "ehe", basi. Akaurudia ule usemi akaugeuza, kana kwamba nilimwuliza swali. Tukaenda hivyo mizunguko mitano. Sikupiga hata mapigo thelathini ya kushoto kwa jumla.

Tulipomaliza alifuta mdomo wa saksafoni yake. Aliilaza sandukuni taratibu. Kisha akasema, "Nimemwandikia yule wa Toledo asije."

Nilidhani ningefurahi zaidi.

Ardella

*

Hospitalini, 19 Juni 1951

Ardella,

Barua yako ya brashi nimeisoma mara kumi. Mizunguko mitano na mapigo thelathini. Mimi nilichukua miaka sita kufika hapo.

Sasa nikuulize jambo, na nimelala nalo wiki nzima.

Nilimwandikia Mama jambo la siri kupitia Sista Pruitt. Nilimwomba anijibu kwa mkono wa Sista. Hakujibu. Badala yake naletewa "mwanangu kipenzi, pumzika, ule". Ardella, katika miaka yangu ishirini na tisa yule mama hajaniita mwanangu kipenzi. Siku niliyotoka jeshini aliniita "wewe mrefu". Barua tatu mfululizo hakuna tusi, hakuna amri, hajauliza kama nimebadilisha soksi. Hajamsema mke wa mchungaji. Nimezipanga zote kitandani. Za mpaka mwanzo wa Aprili ni yeye. Kuanzia ile ya "kubali" ni mtu mwingine.

Nilimwuliza Nesi Beasley. Akasema ana wagonjwa wengine, akaenda, na njiani akasimama akashika ukuta.

Usinisindikize. Niambie ni lini.

Thaddeus

*

Detroit, 24 Juni 1951

Kaka Thaddeus,

Ni tarehe kumi na tisa Aprili, Alhamisi, saa nne asubuhi. Kichomi. Daktari wa wodi yako ndiye aliyesema usiambiwe mpaka uvuke, lakini sitamsingizia. Alisema nisikwambie. Hakuniambia niandike kama Mama.

Kuna zaidi, na ukishaijua hii utajua yote.

Barua yako ya mbavu ilifika Jumatatu ile, Mama bado yuko nasi. Nilimsomea. Alikuwa anahema kwa shida, nikaisoma polepole, akanisikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho. Kisha akasema, "Hapana." Nikadhani hakuelewa, nikamwuliza tena. Akasema, "Nimesikia. Hapana. Wasimkate mwanangu kama kuku. Mwambie arudi nyumbani, alale kitanda chake, kama baba yake." Akanishika mkono na vile vidole vyake visivyofunga, akasema, "Andika sasa hivi." Nikamwambia nitaandika. Nilienda mezani nikaketi na karatasi. Sikuandika. Nilimwacha akidhani nimeandika.

Alhamisi akaondoka. Jumatatu iliyofuata nikaandika "kubali".

Sikuweza kuwazika wawili, Kaka. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine. Mzee Hosea alikataa na umeona. Lakini najua uliomba neno lake, ukaniambia nisiongeze langu, nami nikalitupa lake nikaweka langu. Sista Pruitt aliniletea ile barua yako ya mwezi wa tano. Alisema hawezi kuandika kwa jina la marehemu, dhambi hiyo niibebe peke yangu. Kwa hiyo nimejua habari ya bega tangu tarehe mbili Juni. Jumapili ile ya brashi nilikuwa najua. Mkono wako uliondoka kwa neno langu.

Sikuombi kitu.

Ardella

*

Hospitalini, 2 Septemba 1951

Ardella,

Nimerudisha barua zako tano bila kuzifungua. Nesi alizituma, mimi nilimwamuru. Hii ni ya kwanza niliyoweza kuiandika.

Mwezi wa saba wote nilikuchukia. Sikuwa na kazi nyingine. Nilihesabu siku: tarehe kumi na tisa Aprili saa nne asubuhi nilikuwa nacheza karata na mzee Hosea, na nilikuwa ninashinda, na nilikuwa nacheka. Siku mliyomzika nilikula mayai yote mawili kwa sababu alitaka nile. Umeninyima hiyo siku. Umenifanya nicheke kwenye msiba wa mama yangu.

Kuhusu mkono sijui la kukwambia. Alisema hapana, nami ningelijua hilo ningerudi nyumbani, na mwakani ningekuwa na mikono miwili kifuani ndani ya sanduku. Daktari ananiambia hivyo kila akipita, kana kwamba ananidai shukrani. Nina pumzi. Juzi nilipanda ngazi kumi na moja. Asubuhi nyingine ninapoamka nafurahi kuwa hai, na dakika hiyo hiyo nakumbuka ni kwa uongo wa nani. Huenda itakuwa hivyo mpaka mwisho. Sikuahidi kwamba itapita.

Nitatolewa Novemba. Sitakuja nyumbani. Binamu wa Baba kule Cleveland amenipatia kazi ya kukaa, ya kupokea simu, inayotaka mkono mmoja. Ngoma ni zako, usiniwekee. Mwambie Cleophus kiti hakina mtu mwingine.

Sasa nataka kitu kimoja. Sijamzika. Nyinyi mmemzika, mimi sijamzika. Niandikie mazishi. Nani alikuja, nani alibeba, walimvika nini, mvua ilinyesha au haikunyesha. Usinilainishie. Ukiweka neno moja la kunituliza nitalijua.

Thaddeus

*

Detroit, 9 Septemba 1951

Kaka,

Mvua haikunyesha. Kulikuwa na upepo na vumbi, kwa sababu wameanza kubomoa nyumba nyuma ya Mtaa wa Hastings, na vumbi la matofali liliingia hadi kanisani.

Tulimvika nguo ya rangi ya zambarau. Alitaka ile nyeupe, lakini kwapa lilikuwa limepasuka na sikuwa na nguvu ya kushona. Sista Pruitt alimchana nywele. Alimvalisha miwani, kisha akaivua, kisha akamvalisha tena, na hakuna aliyemkataza.

Watu walikuwa kama sitini. Mke wa mchungaji alilia kwa sauti kubwa kuliko wote. Walikuja wanawake saba tuliofanya nao kazi kwa dobi, mikono yao inanuka wanga. Cleophus alikuja na suti ya klabu kwa kuwa hana nyingine. Isham alipiga kinanda na alikosea mara mbili. Mchungaji alihubiri muda mrefu, akamwita Mama mpole. Watu wa nyuma walitazamana.

Jina lako lilitajwa kwenye orodha ya waliobaki. Walisema, "na mwanawe Thaddeus, ambaye hakuweza kufika." Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Kwani hajui?" Wakamnyamazisha.

Wabebaji walipangwa sita. Cleophus na Isham mbele na katikati upande wa kulia, shemasi Lyle nyuma yao, wajukuu wawili wa Sista Pruitt upande wa kushoto. Mbele kushoto palikuwa pako. Msimamizi wa mazishi akatafuta mwanamume wa kupajaza, nikamwambia aache. Nikavua glavu nikashika mpini. Mashemasi walinong'ona kwamba mwanamke habebi. Msimamizi alinitazama, kisha akahesabu, moja, mbili, tukainua.

Nilikuwa nimejikaza kwa uzito. Nilipanga miguu kama unavyopanga kuinua sanduku la ngoma kubwa kwenye ngazi. Na jeneza likaja juu upesi, Kaka, upesi mno, mpaka upande wangu ukapanda kuliko wa Cleophus na akanitazama.

Hakuwa mzito. Tangu majira ya baridi alikuwa anakupa fungu lake la nyama kwenye vifurushi nilivyokuwa nakutumia, na mimi niliketi naye meza moja kila siku na sikuona.

Ardella